Krapf, Kadhi wa Mombasa na Kamusi Tuliyorithi



Kwetu ni Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru. Nyumbani tunasema Kibemba, lakini ukiingia soko la Kashikishi siku ya samaki utasikia Kiswahili cha wenzetu wa Kongo. Wao husema "batu" pale vitabu vinaposema "watu", na "bintu" pale vinaposema "vitu". Tangu kambi ya wakimbizi ya Mantapala ilipofunguliwa wilayani mwetu mwaka 2018, Kiswahili hicho kimezidi kusikika.

Nimekitaja kwa sababu ya neno lililosemwa katika darasa letu la jioni. Ndugu mmoja alisema kwamba Muislamu hana haja na kamusi iliyotungwa na mmisionari. Sikumjibu, maana sikuwa na elimu ya jambo hilo. Nilikwenda kusoma maisha ya mtu mwenyewe, na haya ndiyo niliyoyapata.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa mkulima. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na jumuiya ya Kimisionari ya Kianglikana ya Uingereza. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia. Huko alijifunza lugha za wenyeji, lakini mwaka 1842 mlango ulifungwa kwake, ikambidi atafute njia nyingine. Januari 1844 akashuka Zanzibar pamoja na mkewe, Rosina.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala Muislamu, alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Krapf akahamia Mombasa. Julai mwaka uleule Rosina alijifungua binti, akafariki kwa homa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata mama yake. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wakati huo. Mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza kurudi kwao. Yeye alibaki, akaendelea kuandika maneno.

Sasa tazameni nani aliyemsaidia. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyekaa naye alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Kiswahili alichojifunza Krapf kilikuwa Kimvita, lugha ya watu waliosali, waliooana na kuhukumiana kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo maneno aliyoyakusanya yalitoka misikitini, baharini, jikoni na mahakamani kwa Waislamu. Mwaka 1850 alichapisha Tübingen kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Mwaka 1854 aliipelekea maktaba ya jumuiya ya wataalamu wa lugha za Mashariki huko Halle miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mmojawapo ni utenzi wa Herekali, unaosimulia vita vya Waislamu na mfalme wa Rumi. Miswada mingapi ya namna hiyo iliyobaki majumbani ililiwa na mchwa!

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Krapf hakuwa rafiki wa Uislamu. Alikuja kuhubiri dini yake, na katika maandishi yake aliwadharau Waislamu mara nyingi. Alipendelea Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kilatini, na sababu yake moja ilikuwa kwamba hati za Kiarabu zingeufungulia Uislamu njia ya kwenda bara. Babu zetu waliandika kwa hati hizo kwa karne nyingi. Leo wengi wetu hatuwezi kuzisoma barua za mababu hao, na Krapf ana fungu lake katika jambo hilo.

Na sisi pia tuna la kujibu. Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, aliyejiunga naye mwaka 1846, alitunga kamusi ya lugha ya Kinyasa akiwa hukohuko karibu na Mombasa. Aliwezaje? Msemaji wake alikuwa Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka bara na kumilikiwa na mtu wa Mombasa. Krapf aliihariri kamusi hiyo, ikatoka mwaka 1877, baada ya Rebmann kupofuka na kufariki. Ziwa letu nalo lina historia hiyo. Livingstone alipoliona Mweru mwezi wa Novemba 1867, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika kutafuta pembe na watumwa. Kiswahili kilifika pande hizi pamoja na minyororo. Anayemlaumu Krapf kwa dharau yake asinyamaze kuhusu Salimini.

Afya ya Krapf ilimrudisha Ujerumani mwaka 1853. Alikuja tena mwaka 1862 kwa muda mfupi, kisha akaishi Korntal akiipanga kamusi yake kubwa. Alifariki Novemba 1881. Kamusi ikachapishwa London mwaka 1882, yeye mwenyewe hakuishika. Kamusi nyingi zilizofuata zimechota humo, hata baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Basi nimjibu ndugu yangu. Dini yetu imetuamrisha kufanya uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao. Uadilifu ni kusema kwamba Krapf alikosea kutuhusu sisi, na kwamba alifanya kazi ya miaka mingi kwa subira ambayo wengi wetu hatuna. Uadilifu pia ni kumkumbuka kadhi. Jina la Krapf liko kwenye jalada, lakini elimu iliyomo ndani si yake peke yake. Tukiitupa kamusi ile, tunatupa pia maneno ya wazee wetu wa Mombasa.

Likizo ijayo nitakwenda Kashikishi na daftari. Nitawauliza wavuvi na kina mama wauza samaki majina ya nyavu, pepo na samaki, kwa Kibemba na kwa Kiswahili chao, niandike na majina yao wenyewe waliosema. Nawaomba nanyi mfanye hivyo mlikotoka, kabla mgeni hajaja kutufanyia na kuandika jina lake peke yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.