Bibi Titi aliolewa na miaka 14: maisha yake, na binti aliye nyumbani kwako

Mama, kama umewahi kupanda basi hapa Tukuyu hadi Dar es Salaam, huenda umepita Barabara ya Bibi Titi Mohamed bila kujiuliza sana ni nani. Wengi tunamjua kwa siasa, mwanamke aliyesimama jukwaani pamoja na Mwalimu Nyerere kudai uhuru. Mimi ni muuguzi wa jamii, kazi yangu ni wajawazito na watoto katika vijiji vya Rungwe, na leo nataka kukusimulia upande wa maisha yake usiosemwa sana. Kabla ya jukwaa lolote, Bibi Titi alikuwa mke wa mtu akiwa na miaka 14.

Nakusimulia wewe kwa sababu pengine una binti, mkwe au mjukuu wa umri huo au uliozidi kidogo. Kama ana mimba, kufika kwake kliniki kunategemea wewe kuliko unavyodhani.

Mwali ndani ya nyumba

Alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926, katika familia ya Kiislamu. Baba yake hakupenda asome shule. Mama yake ndiye aliyempeleka, akapata elimu ya msingi, jambo ambalo wasichana wengi wa wakati ule hawakulipata. Lakini alipovunja ungo mambo yakabadilika. Aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi ya familia nyingi za pwani, na kutoka humo akaolewa na mwanaume aliyemzidi umri sana. Kwa desturi ile, shauri la ndoa lilikuwa la wazee, mwali alipewa taarifa tu. Akazaa mtoto mmoja wa kike, ambaye ndiye mtoto pekee aliyemzaa maishani. Ndoa ile haikudumu.

Usiseme hayo ni ya Waswahili wa pwani. Katika miaka ile ile ya 1930, watafiti wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliishi huku kwetu Rungwe wakiandika maisha ya Wanyakyusa. Waliyoyaandika bibi zetu wanayajua bila kusoma kitabu: binti aliposwa angali mdogo, kabla hata ya kuvunja ungo, na ng'ombe wakaanza kuhama zizi. Siwatukani wazee wetu. Walifanya kwa kadiri walivyoelewa, na kuvunja ungo kulionekana ndiyo alama ya kwamba mwili umekamilika.

Hapo ndipo naomba unisikilize kama muuguzi. Hedhi ya kwanza maana yake ni kwamba binti anaweza kushika mimba. Haina maana kwamba anaweza kujifungua salama. Mifupa ya nyonga huendelea kukua na kupanuka kwa miaka kadhaa baada ya hedhi kuanza. Binti wa miaka 14 au 15 anaweza kuwa na kifua cha mtu mzima na urefu wa mama yake, lakini njia ya mtoto bado ni nyembamba. Uchungu ukianza mtoto anakwama. Kama hospitali iko mbali au watu wanangoja, kichwa cha mtoto kinakandamiza kibofu na ukuta wa uke kwa saa nyingi, nyama ile inakosa damu na kufa, kisha linabaki tundu. Mkojo unavuja mchana na usiku. Hiyo ndiyo fistula. Mara nyingi mtoto mwenyewe anakuwa ameshafariki.

Fistula inatibika. CCBRT ya Dar es Salaam hutibu bila malipo. Kama kuna mwanamke kijijini kwako aliyejifungia kwa sababu ya mkojo, mwambie, au mwambie muuguzi wa zahanati yenu amsaidie kufika.

Hatari nyingine ni kifafa cha mimba. Huwapata zaidi wanaobeba mimba ya kwanza, na mabinti wadogo wamo sana. Presha inapanda kimyakimya. Binti anasema kichwa kinauma, anaona maluweluwe, uso na mikono inavimba, nyumbani wanasema ni uchovu wa kuchuma chai. Halafu anaanza degedege. Nimeshaona familia ikianza kutafuta aliyemroga wakati bodaboda ilikuwa inaweza kuitwa.

Kwa hiyo binti huyu, kuliko wewe uliyezaa watoto wanne, ndiye anayetakiwa kuwahi kliniki: kabla ya wiki 12, yaani kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Mahudhurio yanayoshauriwa sasa ni 8, siyo 4 kama tulivyozoea zamani. Tunapima presha, wingi wa damu, mkojo, VVU na kaswende, tunampa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda na dawa ya kumkinga na malaria. Sera ya serikali ni kwamba huduma kwa mjamzito hazilipiwi katika vituo vyake. Na kwa mimba ya kwanza ya binti mdogo, mpango wa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji upangwe mapema. Kwa wa huku kwetu ni Makandana au Igogwe, na ikishindikana ni rufaa ya Meta kule Mbeya, kama kilomita 70 kutoka Tukuyu mjini. Ni safari ndefu kwa mtu mwenye uchungu, hasa mvua zetu hizi zikiwa zimeharibu njia za vijijini.

Ruhusa

Bibi Titi aliachika akiwa kijana. Baadaye aliolewa tena. Alikuwa na sauti, akawa mwimbaji anayeongoza kikundi cha ngoma cha wanawake pale mjini kilichoitwa Bomba, akiimba pia kwenye maulidi. Mwaka 1955 mwanasiasa mmoja wa Kiingereza, John Hatch, aliitembelea TANU akauliza wanawake wa chama wako wapi. Hawakuwapo wa kuonyesha. Ndipo akatafutwa Titi, na waliomtafuta walipitia kwa mumewe, dereva wa teksi. Hebu fikiri. Huyo aliyekuja kuzunguka nchi nzima akihutubia watu, safari yake ilianza kwa mume kuulizwa kwanza.

Nasimama kidogo kwenye neno hilo, ruhusa, kwa sababu nalisikia kila wiki. Binti aliyeolewa mdogo hupita kutoka ruhusa ya baba kwenda ruhusa ya mume, bila hata siku moja katikati ya kujiamulia. Hana pesa yake. Hajui kama anaweza kutoka bila kuaga. Ukimuuliza kwa nini amekuja na mimba ya miezi saba, anajibu kwamba mama mkwe alikuwa hajasema. Mama mkwe ukimuuliza, anasema alikuwa anamngoja mwanawe arudi kutoka machimboni Chunya. Hakuna aliyekataa. Kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake.

Na sisi wauguzi tumo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika kituo nilichokuwa wakati ule, alikuja binti mmoja mdogo na mimba changa. Alikuwa peke yake. Nikamuuliza, mbele ya foleni nzima, mume yuko wapi, umri wako ngapi, na mbona hujaja na mwenzi. Nikamwambia akamlete. Nilidhani nasisitiza utaratibu. Hakurudi kwa miezi mitatu, na aliporudi miguu ilikuwa imevimba na presha iko juu. Yeye na mtoto walipona, namshukuru Mungu, lakini ile miezi mitatu niliichukua mimi. Leo nakwambia wewe: ni vizuri mwenzi aje, ili wapimwe wote wawili na yeye ajue dalili za hatari. Lakini asipokuwepo, binti aende hivyo hivyo. Akirudishwa kwa sababu hana mume pembeni, omba kumuona mganga mfawidhi wa kituo. Usirudi naye nyumbani kimya.

Alivyowapata wanawake 5,000

Titi hakuanza kwa kuita mikutano mipya. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma ambako wanawake walikuwa tayari wanakutana, wakiimba, wakicheza, wakichangiana kwenye misiba na harusi. Alizungumza na viongozi wa vikundi hivyo, nao wakaleta wenzao. Katika miezi michache wanawake 5,000 walikuwa wamejiunga na TANU. Wengi wao hawakuwa wamekanyaga shule, na wengi walikuwa wameolewa kama yeye alivyoolewa.

Nimejifunza kwake, nasema kweli. Nikibandika tangazo la kliniki kwenye mlango wa zahanati, wanakuja wale wale. Nikienda kwenye kikundi cha kuweka na kukopa siku ya marejesho, au nikiomba dakika kumi baada ya mazoezi ya kwaya, mama mmoja ananivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba kuna binti kwa jirani anafichwa. Mara nyingi anafichwa kwa hofu. Alikuwa mwanafunzi, na watu wanajua kwamba kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi ni kifungo cha hadi miaka 30. Basi anapelekwa kwa shangazi kijiji kingine mpaka ajifungue. Naielewa hofu hiyo. Lakini mimba haifichiki kwa presha wala kwa mfupa wa nyonga, na kliniki haimfukuzi mtu kwa sababu ya umri wake.

Sheria iliyopita yeye akiwa gerezani

Baada ya uhuru, mwaka 1962, Bibi Titi akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Aliingia bungeni, akawa waziri mdogo. Mwaka 1965 akashindwa uchaguzi, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, akajiuzulu uongozi. Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, mwanamke pekee kati ya washtakiwa, na akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka 1972. Siasa ya kesi ile siyo kazi yangu, nawaachia wenyewe.

Kinachonigusa ni tarehe. Sheria ya Ndoa ilipitishwa mwaka 1971, yeye akiwa ndani. Ilimruhusu mvulana kuoa kuanzia miaka 18, na msichana kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya wazazi. Ikaacha pia mlango wa mahakama kutoa kibali kwa mwenye miaka 14, umri ule ule aliooelewa Titi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi kutoka siku aliyotolewa ndani kama mwali.

Alifariki tarehe 5 Novemba 2000, hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na miaka 74. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya wasichana 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshawahi kushika mimba.

Ukija naye

Kama binti hajaolewa na kuna mazungumzo ya posa nyumbani, mama yake Titi alikuwa na jibu lake: shule. Hata aliyekatisha masomo kwa mimba, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi darasani baada ya kujifungua. Kama analazimishwa kuolewa, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Kama mimba ipo tayari, usingoje ionekane. Muulize hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na usimuulize kwa ukali. Anza kuweka nauli kidogo kidogo, na uwe na namba ya simu ya bodaboda unayemwamini, kwa maana usiku wa uchungu si wakati wa kutafuta. Kama mume au mwanao yuko machimboni au mashambani, mpigie leo mkubaliane jambo moja tu: binti akitokwa na damu, akiumwa kichwa kikali, akivimba uso, akipata homa au degedege, chupa ikivunjika kabla ya wakati au mtoto akipunguza kucheza, anapelekwa hospitali papo hapo na taarifa inatolewa baadaye.

Siku ya kliniki mje asubuhi, mje wote wawili. Nitawakaribisha, nitampima ukiwepo. Halafu kuna wakati nitakuomba, mama, utoke ukae kwenye benchi la nje kama dakika tano, nizungumze naye peke yake. Usikasirike. Si kwamba nakudharau. Kuna maswali ambayo hakuna mtu amewahi kumuuliza bila mkubwa kuwepo, na huwa anachukua muda kidogo kabla ya kujibu.