Elijah Muhammad na kadi ya jeshi

Nilipokuwa mdogo, babu yangu alikuwa akinisimulia habari za kipande: jinsi vibarua wa bara walivyokitungika shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na asiyekuwa nacho akatiwa ndani. Nikadhani hayo ni mambo ya koloni peke yake. Kumbe Marekani nayo ilikuwa na chake.

Kwa sheria yao ya 1940, mwanamume aliyefika umri alilazimika ajiandikishe kwa ajili ya jeshi, apewe kadi, na kadi hiyo awe nayo mwilini saa zote. Aliyekataa kujiandikisha alikabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi dola 10,000, au vyote viwili.

Elijah Poole alizaliwa Sandersville, Georgia, Oktoba 1897, mwana wa mhubiri wa Kikristo. Huko Detroit, mwaka 1931, alimfuata W. D. Fard, akaitwa Elijah Muhammad. Hapa niseme wazi, wazee wangu wasije wakanielewa vibaya: kumfanya Fard kuwa Mungu ni shirki, wala haina mjadala. Mimi nasimulia habari ya mtu na serikali yake.

Februari 1942 ilikuwa zamu ya wanaume wa miaka 20 hadi 44. Elijah alikuwa na 44. Hakwenda. Mwezi wa Mei akakamatwa Washington, na wafuasi wake wengi nao wakafungwa kwa kosa hilohilo. Wako waliomwita mwoga. Mimi sikubali. Mtu wa umri ule, mwenye watoto wanane, nani angempeleka mstari wa mbele? Angeitia karatasi ile mfukoni akalala kwake. Badala yake alikaa gerezani Milan, Michigan, mpaka Agosti 1946, na mkewe Clara ndiye aliyeshika mambo ya jumuiya pamoja na malezi.

Mwanawe Wallace naye alikataa amri ya jeshi, akafungwa mwaka 1961. Mwaka 1967 ikawa zamu ya mfuasi wao, bondia Muhammad Ali, kule Houston.

Elijah alifariki Chicago tarehe 25 Februari 1975. Wallace akashika uongozi, akawaongoza wengi wao kwenye Uislamu tunaoujua sisi, na saumu ikarudi Ramadhani. Maana baba yake alikuwa akiwafungisha mwezi wa Desemba.