Che Guevara: mpenda kamera aliyeishi Fizi akijificha

Ukitaja Che Guevara pale Fizi ao Baraka, watu wanafikiria vita ya 1965, wakati wa Mulele. Lakini huyo mutu alikuwa na pendo ingine, isiyoongelewa sana: kupiga foto. Aliishika kamera kijana, akabaki nayo hadi mwaka wa mwisho wa maisha yake, na mwishoni foto zikasaidia maadui wake.

Ernesto Guevara alizaliwa Rosario, inchi ya Argentina, mwaka 1928, akamaliza masomo ya udaktari mwaka 1953. Mwaka uliofuata, serikali ya Guatemala ilipopinduliwa, alikimbilia Mexico. Ndani ya treni alijuana na kijana mmoja wa Guatemala, mkimbizi kama yeye, aliyeitwa El Patojo kwa jina la utani. Feza hakuna. Wakanunua kamera moja, wakawa wanazunguka kwenye bustani za muji wakipiga watu foto kwa kujificha, maana ruhusa hawakuwa nayo. Filimu zilisafishwa kwa Mmexico mmoja mwenye labo ndogo, kiisha wakaanza kuwatafuta wale waliopigwa ili wanunue sura zao. Daktari mzima! Wapiga foto wa zamani wa masokoni wanaijua shida hiyo. Mwaka 1955 shirika la habari la Argentina, Agencia Latina, lilimpa kazi ya kupiga foto za michezo ya bara la Amerika pale Mexico, lakini shirika hilo halikudumu.

Baadaye kamera haikuwa tena ya kutafutia chakula, ikawa ya kupenda tu. Wakati ule kila foto ilikuwa na bei: filimu moja ilitoa picha 36 hivi, na mpigaji hakuona kitu mpaka filimu ipite kwenye dawa, gizani. Che alipiga mabomoko ya Wamaya alipokuwa safarini na mke wake wa kwanza, Hilda Gadea. Alipiga watu na viwanda, hata inchi za mbali alizotumwa na serikali ya Cuba. Tena alipenda kujipiga mwenyewe.

Kumbe foto yake inayojulikana dunia nzima, ile ya kofia na nyota, si yeye aliyeipiga. Ni Alberto Korda, kwa kamera ya Leica, tarehe 5 mwezi wa tatu 1960, pale Havana, watu walipokuwa wakiomboleza waliokufa katika mlipuko wa meli La Coubre. Wakati ule gazeti la Korda halikuitumia.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 mwezi wa nne 1965, Che alivuka ziwa toka Kigoma, akashukia Kibamba, kusini ya Baraka. Sasa sura iliyopigwa foto mara nyingi vile ilipaswa kufichwa. Jina lake likawa Tatu, hesabu tu ya Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili. Kijana Freddy Ilanga alimfundisha Kiswahili bila kujua, mwanzoni, anamfundisha nani.

Foto za miezi ile saba zipo. Moja inawaonyesha Wacuba wakiwa wamezunguka redio kubwa aina ya Zenith, wanasikiliza habari. Che ameketi pamoja na Mbili na Rogelio Oliva, Changa amesimama nyuma. Majina yao yote yanajulikana. Kwenye ingine Che amebeba mtoto Mkongo, na mtoto huyo anatajwa hivyo tu: mtoto Mkongo. Ingekuwa vizuri mutu wa pale aweze kusema alikuwa wa nani.

Vita haikuenda. Shambulio la Bendera, mwezi wa sita, lilishindwa. Kiisha mamluki wa Mike Hoare wakakamata Baraka na Fizi. Mwezi wa kumi na moja Tatu alivuka ziwa tena, kurudi Kigoma. Pale Dar es Salaam alijifungia ndani ya ubalozi wa Cuba akiandika habari za Congo, na mle chumbani akajipiga foto.

Mwisho wa 1966, La Paz, inchi ya Bolivia, alijipiga tena hotelini mbele ya kioo: upara, miwani, jina la uongo. Hakuna ambaye angemtambua. Lakini porini wapiganaji walipigana foto wao kwa wao na kuzihifadhi. Mbili aliuawa kule mwezi wa saba 1967. Mwezi wa nane jeshi lilifukua maficho yao, likapata karatasi na foto zenye sura zao. Che alisikia habari hiyo kwa redio.

Aliuawa La Higuera tarehe 9 mwezi wa kumi 1967. Siku iliyofuata, pale Vallegrande, wanajeshi waliulaza mwili wake wazi, macho yamefunguka, na kuita waandishi wa habari ili dunia iamini. Freddy Alborta, mpiga foto wa Bolivia, akaweka filimu ndani ya kamera yake na kumpiga.