Sofia Kovalevskaya: Manzi aliyefungiwa darasa, akabeba tuzo

Uko Ikonge, Nyamira na unaambiwa hesabu ni ya maboi? Basi cheki huyu manzi wa Urusi, aliyezaliwa 1850. Vyuo vya kwao havikuandikisha wasichana, so 1868 akaolewa ndoa ya geresha ndio atoke nchi. Kufika Berlin, chuo kikamkataza kuingia darasani. Profesa Weierstrass akamfunza kando miaka 4, na 1874 akapewa udaktari. 1888 akashinda tuzo ya Bordin kule Paris, kwa hesabu za kitu kinachozunguka kama pia ya watoto. Kazi ilikuwa moto, doo ikapandishwa kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Alidedi 1891 akiwa profesa Stockholm, miaka 41 tu. Siste, fungua hiyo kitabu.