Frederick Banting: munganga wa insulini, na vumbi ya wachimbaji

Kila tarehe 14 ya mwezi wa 11, mahospitali ya dunia nzima yanakumbuka ugonjwa wa sukari. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo: ndiyo siku alizaliwa Frederick Banting, mwaka wa 1891. Mu mikini yetu ya wafanya kazi, nani hajui mama ao baba mwenye kuchomwa insulini kila siku? Chupa tunaijua, mutu hatumujui. Leo tunaeleza maisha yake, na zaidi namna iniversite moja na sosiete moja ya dawa zilipatana ili kazi ya vijana wawili watatu iponyeshe watu. Tutaeleza pia habari ingine yenye watu hawaisemake sana: namna nyumba yake ya utafiti iliingia mu mambo ya vumbi ya wachimbaji.

Mutoto wa shamba

Banting alizaliwa karibu na Alliston, mu jimbo la Ontario, inchi ya Kanada. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye alikuwa wa mwisho kati ya watoto 5. Ku masomo hakuwa wa kwanza. Mwaka wake wa kwanza ku iniversite ya Toronto alianguka mutihani. Kisha akabadilisha njia, akaingia mu masomo ya unganga mwaka wa 1912.

Vita ya kwanza ya dunia ilimukuta akiwa bado mu masomo. Alitumwa Ulaya kama munganga wa jeshi. Mwaka wa 1918, karibu na Cambrai ku Ufaransa, kipande cha bomu kilimupiga mukono, lakini akaendelea kufunga vidonda vya wengine. Kwa hiyo jeshi lilimupatia nishani ya ushujaa.

Aliporudi, akafungua kabine yake mu muji mudogo wa London, ule wa Ontario, si ule wa Uingereza. Wagonjwa hawakuja. Mwezi wa kwanza aliingiza dola 4 tu. Ili apate chakula, akakubali kufundisha saa kidogo ku iniversite ya pale. Umasikini huo ndio ulimufungulia mulango: usiku wa tarehe 31 mwezi wa 10, mwaka wa 1920, wakati alikuwa anatayarisha somo juu ya kongosho, alisoma habari moja ya unganga, na wazo likamuingia, usingizi ukapotea.

Wazo lenyewe

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kinafanya kazi mbili: kinatoa maji ya kusaga chakula, na kinatoa kitu kingine chenye kuingiza sukari ya damu mu mwili ili mutu apate nguvu. Mutu asipokuwa na kitu hicho, sukari inabaki mu damu, inatoka na mukojo, na mwili unakauka hata kama anakula. Wakati ule watoto wenye sukari walikuwa wanakufa wote. Waganga walikuwa wanawapatia chakula kidogo sana ili wasogeze siku. Wengine walikufa na njaa mbele ya ugonjwa kuwaua.

Watafiti wengi walikuwa wamejaribu kutoa kitu hicho, lakini yale maji ya kusaga yalikuwa yanakiharibu. Banting alifikiri: kama tukifunga mirija ya kongosho ya imbwa, sehemu yenye kutoa maji itakufa, na ile ingine itabaki. Akaenda Toronto kumuona profesa Macleod, mutu wa Scotland, mwenye kujua sana mambo ya sukari. Profesa hakuamini sana. Lakini akamupatia chumba, imbwa 10, na mwanafunzi wa kumusaidia.

Hapa tunaomba vijana wasikilize vizuri. Wanafunzi walikuwa wawili, Charles Best na Clark Noble. Walirusha kipande cha feza juu ili wajue nani ataanza. Best akashinda. Alikuwa na miaka 22. Noble alipaswa kumufuata kisha wiki kidogo, lakini hakuingia tena. Kipande cha feza kiliamua jina gani dunia itajua.

Kazi ilianza mwezi wa 5 mwaka wa 1921, mu joto kali. Banting hakuwa na mushahara. Imbwa mingi zilikufa. Lakini mwisho wa mwezi wa 7, sukari ya imbwa moja ilishuka kisha kuchomwa dawa yao. Mwisho wa mwaka, Macleod akamuingiza mu kazi James Collip, mutu wa kemia mwenye kujua kusafisha.

Tarehe 11 mwezi wa 1, mwaka wa 1922, walichoma mutoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyebaki na kilo 29 tu. Dawa ilikuwa na uchafu, haikusaidia sana, na palivimba. Collip akafanya kazi usiku na mchana. Tarehe 23 wakamuchoma tena na dawa iliyosafishwa, na sukari ikashuka. Mutoto yule aliishi miaka 13 tena.

Mapatano na sosiete ya dawa

Shida ilikuja papo hapo. Wazazi wa inchi nyingi waliandika barua, wakaomba dawa. Lakini labo ya iniversite ilikuwa ndogo, na wakati Collip alijaribu kutengeneza dawa nyingi, njia yake ikakataa. Wiki nyingi zilipita bila dawa ya kutosha.

Sosiete moja ya Marekani, Eli Lilly ya Indianapolis, ilikuwa imeisha kubisha mulango. Mukubwa wake wa utafiti, George Clowes, alikuwa amesikiliza watu wa Toronto mu mukutano mwisho wa mwaka wa 1921. Kwanza iniversite ilikataa. Mwezi wa 5 mwaka wa 1922 ikakubali, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo tunataka muangalie.

Sharti la kwanza: Lilly itapata nafasi ya peke yake mu Marekani kwa muda wa mwaka mumoja wa majaribio tu, si kwa milele. La pili: Collip na Best wataenda kuonyesha watu wa sosiete namna ya kufanya, na sosiete nayo itarudisha ku iniversite maarifa yote mapya itakayopata juu ya kazi ile. La tatu: iniversite itabaki na haki ya uvumbuzi, ile wanaita breve, ili asitokee mutu wa kufunga njia ao kuuza dawa mbaya. Kamati ya iniversite ilikuwa inapima dawa kama iko sawa mbele ya kuuzwa.

Haki hiyo, Banting, Best na Collip waliiacha ku iniversite kwa dola 1 kila mumoja, mwezi wa 1 mwaka wa 1923. Dola moja. Wangeweza kuwa matajiri.

Sosiete ilifanya kazi yake vizuri. Ilinunua kongosho za nguruwe na ngombe ku mabuchari makubwa. Ilihitaji tani 2 hivi za nyama ile ili kupata karibu gramu 230 za dawa safi. Mutu wake wa kemia, George Walden, akavumbua njia ya kusafisha dawa zaidi ya ile ya Toronto. Mwisho wa mwaka wa 1923 insulini ilikuwa inauzwa ku mafarmasi. Mabishano yalikuwako: sosiete ilitaka jina lake yenyewe, Iletin, na ilitaka breve juu ya njia ya Walden. Iniversite ikabishana nayo. Lakini kisha mwaka ule mumoja, sosiete zingine ziliruhusiwa kutengeneza pia. Mutafiti August Krogh, ambaye bibi yake alikuwa na sukari, alipeleka kazi hiyo ku Danemark.

Faida ya vijana haikuwa ndogo. Feza zilizotoka ku breve zilirudi mu utafiti wa iniversite. Best, yule mwanafunzi wa kipande cha feza, akakuwa profesa mbele ya kufika miaka 31.

Sifa na hasira

Mwaka wa 1923, zawadi ya Nobel ilipewa Banting na Macleod. Banting alikasirika sana kwa sababu walimusahau Best. Akagawanya feza zake na Best nusu kwa nusu. Macleod naye akagawanya na Collip. Banting alikuwa na miaka 32 tu. Hatutamufanya malaika: alikuwa mutu wa hasira, alichukia Macleod mupaka mwisho, na mara moja aligombana na Collip kwa nguvu mu labo. Lakini hakusahau mutu wa chini aliyefanya naye kazi.

Vumbi ya shimo

Iniversite ikamujengea Banting nyumba ya utafiti. Akaongoza vijana wengi, na moja ya kazi zao ilikuwa silikosi, ule ugonjwa tunaoujua sisi: vumbi ya mawe inaingia mu mapafu, inaacha makovu, pumzi inakatika pole pole. Mashimo ya zahabu ya Ontario yalikuwa yanaua watu hivyo.

Hapa tena sosiete na iniversite zilifanya kazi pamoja. Watu wa mine ya zahabu ya McIntyre, ku kaskazini ya Ontario, walifanya utafiti na Dudley Irwin, munganga wa nyumba ya Banting. Walichukua sungura, wakawavutisha vumbi ya mawe pamoja na unga wa aluminium. Wakaona kama unga ule unazuia ugonjwa. Waliandika habari hiyo kuanzia mwaka wa 1937.

Banting alikufa mwezi wa 2 mwaka wa 1941, wakati ndege ya jeshi iliyomupeleka Uingereza ilianguka ku Newfoundland. Alikuwa na miaka 49. Hakuona yaliyofuata.

Kuanzia mwaka wa 1943, mu mashimo mingi ya Ontario, wachimbaji walifungiwa mu chumba cha kubadilisha nguo mbele ya kushuka, na unga mweusi wa aluminium ukapuliziwa hewani ili wauvute. Haikuwa kwa kupenda: anayetaka kazi, anavuta. Hiyo iliendelea mupaka mwaka wa 1979. Ilifika hata ku wachimbaji wa Australia ya Magharibi. Kuvuta unga hakukuwa bei kali kama kupunguza vumbi yenyewe kwa maji na hewa safi.

Miaka mingi kisha, binti wa muchimbaji mumoja aliona baba yake anatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, akaanza kukusanya majina ya wenzake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2020 ulionyesha kama wachimbaji waliovuta unga ule walipata Parkinson zaidi ya wengine. Mwaka wa 2022 serkali ya Ontario iliomba musamaha.

Basi tunabaki na nini?

Maisha ya Banting yanatuonyesha mapatano mawili, yote ya sosiete na iniversite ileile moja. Mu ya kwanza, masharti yaliandikwa, haki ilibaki mu mikono ya watu wote, dawa ilipimwa, na mugonjwa mwenyewe ndiye aliyeomba. Mu ya pili, sosiete yenye faida ndiyo iliyosukuma dawa, na mutu aliyeivuta hakuulizwa.

Watoto wetu wengi wanasoma kemia, farmasi na unganga, na sosiete zinakuja na burse na stage. Tusizikatae. Best asingekuwa Best bila mulango kufunguliwa. Lakini mutoto anaposaini karatasi, baba na mama wakae naye, wasome pamoja: kitu atakachovumbua kitakuwa cha nani? Nani atapima kama dawa ni muzuri, sosiete yenyewe ao mutu mwingine? Na kama dawa ni ya wafanya kazi, mufanya kazi anaweza kusema hapana bila kupoteza kazi yake?