Elijah Masinde na Dawa za Kutuliza

Kutoka Lucky Summer hadi Hospitali ya Mathari si mwendo mrefu, na wakazi wanaokwenda mjini kwa Barabara ya Thika huipita kila siku. Pengine ndiyo sababu jina la hospitali hiyo limegeuka tusi mitaani na hata darasani. Wanafunzi walitumiao tusi hilo huenda hawajui kwamba mmoja wa wapinzani wakali wa ukoloni nchini aliwahi kufungiwa humo. Huyo ni Elijah Masinde.

Masinde alizaliwa Kimilili, katika jamii ya Wabukusu, mnamo mwaka wa 1910 hivi. Alisifika kwa kandanda kabla ya kusifika kwa dini. Mwaka wa 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alikuwa muumini wa misheni ya Friends, akafarakana nayo kwa sababu ya ndoa ya wake wengi, na katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyowataka watu wairudie ibada ya wahenga na wazungu warudi kwao. Alizipinga amri za serikali, akakamatwa, na mwaka wa 1945 akapelekwa Mathari kwa hoja kwamba ana wazimu.

Mathari ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1910. Tangu 1938 ilikuwa chini ya daktari J. C. Carothers, ambaye alikabidhiwa kazi hiyo bila mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili, na ambaye baadaye, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, aliifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Msomaji atajipimia mwenyewe haki ambayo mgonjwa Mwafrika angeweza kuitarajia mbele ya nadharia ya namna hiyo.

Lakini hata daktari mwadilifu wa wakati huo hakuwa na dawa ya skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na ashike imani zisizotikisika kwa ushahidi wowote. Duniani kote hospitali za akili zilitegemea bromaidi, dawa za usingizi za jamii ya babitureti, na paraldehaidi, ambayo harufu yake kali ilibaki katika pumzi ya mgonjwa. Hizo zilimlaza mtu tu. Alipoamka, sauti ziliamka naye. Wodi ilipata utulivu, wauguzi wakapumua, na maradhi yakabaki palepale. Hapo ndipo hatari ilipo: dawa ya kulaza humnyamazisha mgonjwa na mzima kwa usawa, haibagui.

Mabadiliko yalikuja Paris mwaka wa 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walipowapa wagonjwa wao klopromazini, iliyouzwa baadaye kwa jina la Largactil. Nayo ilituliza, na mwanzoni iliaminiwa kuwa ni aina nyingine tu ya dawa ya kutuliza. Ila wagonjwa waliweza kuamshwa na kuzungumza, na baada ya majuma kadhaa sauti na dhana potovu zilififia. Ilifahamika baadaye kwamba dawa hiyo huzuia kazi ya dopamini katika ubongo. Haikukosa madhara: viungo kukakamaa, mikono kutetemeka, usingizi wa mchana.

Siku hizi dawa za kutuliza tu, kama daizepamu, zina nafasi yake, nayo ni nyembamba: siku chache za mwanzo, mgonjwa anapokuwa na fadhaa kubwa au halali kabisa. Zikiendelea kwa muda mrefu mwili huzizoea na kuzitegemea. Kazi ya kuutibu ugonjwa ni ya dawa za jamii ya klopromazini na zilizoifuata. Familia ikimwona kijana ametulia hudhani amepona na kuziacha, na mara nyingi ugonjwa hurejea. Mwalimu naye asiharakishe kumwita mvivu mwanafunzi anayesinzia dawatini baada ya kutoka hospitalini. Huenda kipimo cha dawa kinahitaji kutazamwa upya na daktari.

Tumrudie Masinde. Aliachiliwa mwaka wa 1947, na katika mwaka huohuo aliongoza umati mkubwa kwenda Chetambe kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na Waingereza mwaka wa 1895. Nabii anaweza kuugua kama mtu mwingine yeyote, hilo silikatai. Ila kazi hiyo haifanani na ya mtu aliyepotewa na akili. Mnamo Februari 1948 polisi walipiga risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku. Safari hii serikali haikutafuta hoja ya wazimu: ilimhamishia Lamu, akakaa huko zaidi ya miaka kumi.

Kenya huru nayo ilimfunga zaidi ya mara moja. Alifariki mwaka wa 1987, miaka kumi baada ya Shirika la Afya Duniani kutoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, iliyokuwa na klopromazini na daizepamu, kila moja kwa kazi yake.