Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu, na Hukumu Isiyotiiwa

Wasomaji wetu wa Diani, Ukunda na Msambweni wametutaka mara nyingi tuwaandikie khabari za wanavyuoni wa pwani hii, ili vijana wasidhani ya kuwa ilimu yote imetoka Misri na Hijazi, na kwamba sisi hatukuzaa ila wavuvi na wakwezi wa minazi. Mara hii twamleta Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah Mazrui, Mungu amrehemu. Na sababu ya kumtanguliza yeye kuliko wengine ni jambo lililotokea katika darasa yetu. Alikuja mama mmoja baada ya sala ya Alasiri, ana karatasi ya kadhi mkononi, imepigwa muhuri, imeandikwa ya kuwa mtalaka wake atoe masrufu ya watoto wao watatu kila mwezi. Karatasi ile ilikuwa na umri wa mwaka na nusu, na yeye hajapata hata shilingi moja. Akatuuliza kama karatasi ya kadhi hupikwa ikaliwa. Siku ile hatukuwa na jawabu ya kumpa, na haya ilitushika.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo ambao watu wa kusini wanaujua vizuri, kwani ndio ukoo wa Mbaruk bin Rashid wa Gasi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka na kuingia katika nchi iliyokuwa ya Wadachi. Lakini nyumba aliyozaliwa Sheikh haikujulikana kwa bunduki, ilijulikana kwa kalamu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa ambaye Sayyid Barghash alimtia gerezani Unguja kwa sababu ya mafundisho yake, asitoke mpaka Sayyid alipokufa mwaka 1888. Sheikh Ali akafariki mwaka 1894, akamwacha mwanawe mdogo, wa miaka mitatu tu.

Basi Sheikh Al-Amin alilelewa yatima. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Jambo hili twaliona kubwa. Mtoto asiye na baba, akakulia katika nyumba ya kadhi, hakosi kuona tangu udogo wake ni watu gani wanaopiga hodi kwa kadhi: wake walioachwa, mayatima, wajane waliodhulumiwa urithi. Baadaye alisoma kwa wanavyuoni wa Unguja, nao ni Sayyid Ahmad bin Sumait, ambaye naye alikuwa kadhi, na Sheikh Abdallah Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Tena akawa msomaji wa jarida la Al-Manar la Sayyid Rashid Rida lililokuwa likitoka Misri, akazijua fikira za Sheikh Muhammad Abduh na za Jamaluddin Al-Afghani. Fikira zao zilikuwa wazi: Waislamu hawakuangushwa na dini yao, waliangushwa na kuiacha.

Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwasema watu wa pwani bila ya kuwaonea muhali: israfu ya maharusi na matanga, uvivu wa kusomesha watoto, wasichana kunyimwa ilimu, vijana kuiga Wazungu katika mavazi na kuacha kuwaiga katika kazi. Walikuwako waliochukia. Gazeti halikudumu sana. (Magazeti ya namna hii hayadumu, nasi twalijua hilo kila tunapokusanya pesa za karatasi na wino.) Lakini makala zake zimekusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na anayetaka kuzisoma hana udhuru.

Mwaka ule ule wa 1932 alifanywa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akakaa katika kazi hiyo mpaka alipokufa. Mambo ya pwani yote, tangu Vanga hata Lamu, yakawa juu yake.

Hapa yafaa tusimame kidogo, tueleze kiti kile kilikuwa kiti gani. Kwa mapatano ya mwaka 1895 Sultani wa Unguja aliwapa Waingereza kuitawala pwani, maili 10 tangu baharini, na mahkama za makadhi zikabakishwa. Kanuni za mwaka 1897 zikaziweka mahkama za kadhi, liwali na mudiri katika mpango wa serikali. Basi kadhi alihukumu kwa sharia ya Mwenyezi Mungu katika ndoa, talaka na mirathi, lakini askari na gereza havikuwa vyake, vilikuwa vya serikali. Ulimi ulikuwa wake na mkono ulikuwa wa mwengine. Mtu aliyehukumiwa aweza kuitikia vizuri mbele ya kadhi, akatoka nje akatia juti zake miguuni na mambo yakaishia pale. Na wako mpaka leo wanaodhani ya kuwa kadhi ni mzee wa kusuluhisha tu, ukipenda umsikize, usipopenda umwache.

Ilimu aliyosoma Sheikh Al-Amin haisemi hivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, na kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi ndicho walichokitegemea makadhi wa pwani, masrufu ya mke aliyezuiliwa haki yake ni deni juu ya mume, halifutiki kwa kupita siku. Lakini masrufu ya mtoto si hivyo. Siku za mtoto zikipita bila ya kulishwa hazigeuki deni, isipokuwa kadhi awe ameshayahukumu masrufu yale au ametoa idhini yakopwe kwa jina la baba. Natulitie akilini jambo hili. Mama anayengoja miaka miwili kwa kuona haya, akitaraji mtalaka atarudiwa na huruma, amepoteza haki ya watoto ya miaka miwili. Na aliyekwisha kwenda kwa kadhi akapewa hukumu, haki ile imekuwa deni kama deni la dukani. Kwa hivyo karatasi ya yule mama ina uzito mkubwa kuliko alivyodhani yeye na kuliko tulivyodhani sisi.

Na mwenye deni akiwa na uwezo, akakataa kwa inadi, wanavyuoni wamesema kadhi amfunge mpaka alipe. Asili ya haya ni hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayojulikana, ya kuwa mwenye mali anayechelewesha haki ya watu amehalalisha kulaumiwa na kuadhibiwa. Ama asiye na kitu, huyo hafungwi, hupewa muda, kama ilivyo katika Suratul Baqara. Tofauti ya hawa wawili ndiyo kazi ya kadhi: kuchungua nani hana na nani ana lakini anaficha. Mvuvi aliyekosa samaki msimu mzima wa kusi hawi sawa na mwenye nyumba za kupangisha Ukunda anayedai mbele ya mahkama ya kuwa hana hata nauli.

Makadhi wa kwanza hawakulichukulia jambo hili mzaha. Sayyidna Umar aliwaandikia maamiri wa majeshi juu ya watu walio mbali na wake zao: ama wapeleke masrufu, ama watoe talaka, na mwenye kutoa talaka apeleke pia masrufu ya siku zote alizomzuilia mke. Na Kadhi Shuraih wa Kufa, ambaye Sayyidna Umar ndiye aliyemweka, wanahistoria wamesimulia ya kuwa mwanawe alimdhamini mtu, na mtu yule akakimbia. Shuraih akamfunga mwanawe mwenyewe, kisha akawa anampelekea chakula gerezani. Alikuwa baba na alikuwa kadhi, na kimoja hakukiacha kikaharibu cha pili. Hao ndio watu ambao khabari zao Sheikh Al-Amin alizisoma na kuzisomesha.

Kwetu kusini liko jambo jingine linaloongeza uzito. Kwa ada ya zamani ya Wadigo mtoto alihesabiwa kwa mama yake, na urithi ulikwenda kwa mjomba. Sharia iliingia, na watu walivutana miaka mingi baina ya ada na sharia. Leo utamkuta mtu akitaka kurithi huishika sharia, kwa sababu humpa baba na watoto wake, lakini akitakiwa masrufu ya watoto aliowaacha kwa mama yao hukumbuka ada, akasema wana wajomba zao. Twamwuliza mtu huyu ni kitabu gani alichosoma. Katika Suratut Talaq Mwenyezi Mungu amemwamrisha mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika alichopewa. Hakutajwa mjomba.

Wala hatusemi ya kuwa uasi ni wa wanaume peke yao. Madhehebu yetu humpa mama kumlea mtoto mpaka afikie umri wa kupambanua, nao ni kiasi cha miaka saba, kisha mtoto huchaguzwa baina ya wazee wake. Na baba ana haki ya kumwona mtoto wakati wote huo. Mama anayemficha mtoto kwa shangazi siku ambayo kadhi ameamuru amwone baba yake, naye ameidharau mahkama sawasawa na yule asiyelipa.

Baada ya Sheikh Al-Amin kiti kile kiliendelea. Mwaka 1963, kabla ya uhuru, serikali ya Kenya na ya Unguja ziliahidiana ya kuwa mahkama za makadhi zitahifadhiwa. Sheria ya mwaka 1967 ikazipanga, na Katiba ya mwaka 2010 imezitaja katika kifungu cha 170: mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaoikubali mahkama hiyo. Sheria ya 1967 ilisema pia ya kuwa, mpaka kanuni zao zitungwe, makadhi watafuata utaratibu wa madai unaofuatwa na mahkama nyingine za chini. Maana yake ni kuwa hukumu ya kadhi si nasaha. Mwenye kuipata huweza kurudi mahkama ile ile akaomba itekelezwe: mali ya mdaiwa ikamatwe, mshahara wake ukatwe, au aitwe aeleze kwa nini asitiwe katika gereza la madai.

Ama adhabu ya kuidharau mahkama kwa jina lake, mambo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 2016 Bunge lilitunga sheria ya dharau ya mahkama. Mwaka 2018 Mahkama Kuu iliibatilisha, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kama inavyotakiwa, na kwa kuwa iliingilia uhuru wa mahkama. Tangu hapo uwezo huo, kwa upana wake, umetegemea sheria ya zamani inayoutia katika mikono ya Mahkama Kuu na ya Rufani. Kwa hivyo kwa mama maskini njia iliyo karibu ni ile ya kuomba utekelezaji kwa kadhi mwenyewe. Na majaji wamekhitalifiana juu ya mipaka ya kadhi katika malezi na masrufu ya watoto, basi ni vyema mtu aulize mapema, kabla ya kufungua daawa, asije akahukumiwa kisha akaambiwa amebisha mlango usio wake.

Jambo moja limetustaajabisha. Bibi mmoja mwanachuoni wa Marekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahkama za makadhi za pwani ya Kenya katika miaka ya 1980, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1998. Aliona ya kuwa wengi wanaofungua daawa kwa kadhi ni wanawake, na ya kuwa aghalabu wao ndio wanaoshinda. Basi makadhi wetu hawakuwaangusha wanawake. Aliyewaangusha ni yule anayetoka mahkamani na hukumu juu ya shingo yake, akaenda akasimama safu ya mbele msikitini, nasi wazee tukampa mkono, kisha tukamwendea mkewe wa zamani tukamwambia avumilie.

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa tarehe 1 Aprili 1947. Alikuwa na miaka 56. Aliacha vitabu vya kusomeshea watoto dini, na historia ya Mazrui aliyoiandika kwa Kiarabu, na tafsiri ya Kurani ambayo hakuwahi kuimaliza. Aliacha kijana wa miaka 14, jina lake Ali, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa uprofesa wake. Na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja akakaa katika kiti kile kile cha Kadhi Mkuu tangu 1963 hata 1968.

Mama yule tulimwita tena, tukampa mtu wa kumwandikia maombi yake. Amekwenda Kwale, karatasi yake imepokewa, na mtalaka wake amepelekewa samansi.